Neno la Kwanza Humezwa

Shati la watu liliungua mezani mbele ya macho yetu, na hakuna aliyeinyanyua pasi.

Mama anapiga pasi nguo za watu. Ndiyo kazi yake, pale pale sebuleni, na tangu nizaliwe sijawahi kumwona akiunguza hata leso. Ukiona Mama ameunguza shati jeupe la mteja, ujue kuna kitu kimekatika mahali.

Ilikuwa asubuhi. Mimi nakoroga chai, dada yangu amekaa kwenye mkono wa kochi anachana nywele kabla ya kwenda saluni kuchana za wenzake. Redio iko juu ya kabati. Mtangazaji akasema polisi wameomba sauti fulani irushwe hewani, na yeyote anayeitambua aende kituo cha polisi kilicho karibu naye. Redio ikakwaruza kidogo, halafu mtu akaongea. Sauti nzito, kama ya mtu aliyejibana kitambaa mdomoni.

"Mzee, mzee, nisikilize vizuri. Binti, binti yako ni mzima. Ukiwaambia, ukiwaambia polisi, utamzika. Ule, ule mzigo uwe tayari."

Basi. Wakaweka muziki wa taratibu.

Dada akageuka, chanuo limebaki limening'inia kichwani, akanitazama. Mama naye akanitazama. Moshi wa shati unapanda katikati yetu.

"Nusu Digrii," dada akasema polepole. Ndivyo anavyoniita. "Niambie ni wewe."

"Mimi nini?"

"Niambie ni ule upuuzi wako wa simu. Nitakupiga, halafu nitakusamehe. Wewe niambie tu ni wewe."

Na alikuwa ananibembeleza! Dada yangu, ambaye mwaka jana nilipiga simu saluni kwao nikajifanya mke wa meya, wakafukuza wateja, wakapiga deki mpaka ukutani, wakanisubiri hadi jioni, hakunisemesha mwezi mzima. Huyo huyo leo ananiomba niwe nimefanya.

"Siyo mimi," nikasema.

Mama akashtuka, akanyanyua pasi. Shati lilikuwa na alama ya pasi kifuani, kahawia, imekaa vizuri utafikiri nembo.

Ngoja nieleze kwa nini walinitazama mimi, maana mtu akiingia hapa ghafla atadhani familia yetu ni wendawazimu.

Mimi naiga sauti. Nikimsikia mtu mara mbili namtoa vilevile alivyo, na mafua yake. Chuoni nilishika kipaza sauti nikaahirisha mtihani kwa sauti ya mkuu wa idara, ukumbi ukabaki na wasimamizi peke yao. Wakaniambia nikapumzike nyumbani, na napumzika mpaka leo. Ila katika sauti zote, ninayoiweza kuliko zote ni ya mjomba wangu, mdogo wake Mama.

Mjomba mjini wanamwita Honi. Anaendesha gari la matangazo aliloliacha marehemu baba, pikapu kuukuu yenye spika mbili za koni juu ya paa. Maji yakikatika, Honi anapita. Mtu akifa, Honi anapita. Viatu vikishuka bei, Honi anapita, na sauti ni ile ile, tamu, ya kukokota, watoto wanaiga mitaani.

Sasa hiyo amplifaya ya baba ni mgonjwa wa siku nyingi. Kila ukibonyeza kitufe cha maiki inachelewa kuamka, na neno la kwanza linamezwa. Ukisema "Wananchi, kesho hakuna maji," nje linatoka "kesho hakuna maji," na nani anayeambiwa, haijulikani. Mafundi walishindwa, baba akagundua dawa: neno la kwanza unalisema mara mbili. La kwanza la mashine, la pili la watu. "Wananchi, wananchi." Halafu unaachia kitufe, unavuta pumzi, unabonyeza tena: "Kesho, kesho hakuna maji." Nje watu wanasikia vizuri kabisa, moja moja. Lile linalorudiwa tunalisikia sisi tu tuliowahi kukaa ndani ya gari lile. Baba, ambaye hayupo. Mama, aliyekuwa akimsindikiza enzi zao. Dada na mimi, tuliopandishwa kiti cha mbele tukiwa wadogo. Na Mjomba.

Ukizoea haikutoki. Mpe Mjomba kitu chochote akishike karibu na mdomo, mpe na maneno aliyoyapanga kichwani, basi ataanza: mara mbili, mara mbili. Harusini alipewa kipaza sauti kizima, kipya, akawapongeza maharusi kwa mtindo huo mpaka watu wakadhani amelewa. Nilikuwa namwiga hivyo kila sikukuu, Mama anacheka hadi anashika mbavu.

Ndiyo maana hatukucheka.

Jiji lenyewe lilikuwa limeacha kucheka tangu wiki iliyopita. Jumatatu binti wa fundi saa alitekwa akifungua duka la dawa anakofanya kazi. Kiatu kimoja kilibaki mlangoni, funguo bado zinaning'inia kwenye kufuli. Kila mtu alikuwa anamjua. Mama haoni vizuri maandishi madogo, basi yule binti alikuwa anamchorea kwenye boksi la dawa: jua la asubuhi, mwezi wa usiku, na kikombe kama ni ya kunywa baada ya kula. Baba yake ametengeneza saa za mji mzima, na juzi juzi aliuza nyumba ya urithi. Hilo nalo kila mtu alilijua, kwa sababu mnada wake tuliutangaza sisi, kwa gari letu.

Jumanne majirani wakalikodi tena gari letu wamtafute. Mjomba alizunguka siku nzima. "Ametoweka, ametoweka binti mpole, mrefu wa wastani, amevaa koti jeupe la kazini." Kwenye njia panda wanawake walimletea maji, wakamwambia Honi, kaka, Mungu akulipe. Sauti ilimkauka kabisa. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni yake natafuna karanga.

Alhamisi wakata nyasi wakamkuta kwenye tanuri la zamani la matofali, nje ya mji. Amekufa.

Kuanzia hapo mji ukawa hautulii. Magari ya vioo vyeusi yalirushiwa mawe. Akina mama walisindikizana hata kwenda gengeni. Na polisi waliposema mtekaji anaonekana ana kigugumizi, ndiyo ikawa balaa, kila mwenye kigugumizi akajifanya bubu, wanaagiza mkate kwa kidole. Kasoro mmoja, mlinzi wa lile duka la dawa, aliyeulizwa swali na ikabidi ajibu.

Habari hiyo nayo redio iliitoa asubuhi ile ile: mlinzi yuko ndani.

"Si unaona?" dada akadakia. "Ni mlinzi. Ana kigugumizi. Wameshampata."

"Mlinzi anakwama katikati ya neno," nikasema. "Anasema du-du-dukani. Hajawahi kurudia neno zima."

"Zima redio," Mama akasema.

"Mama…"

"Nimesema zima."

Dada akachukua mkoba wake akaondoka. Chanuo alilisahau mezani. Mama akalikunja lile shati lililoungua taratibu, akalipanga juu ya mengine kana kwamba liko tayari kuchukuliwa.

Sikuweza kukaa. Nikatoka, nikaenda bila kujua ninakoenda, miguu ikanipeleka kituoni. Nje kumejaa watu wanadai wapewe mlinzi wamalizane naye wenyewe. Kando ya ukuta mkewe amekaa chini na kopo la chakula mapajani, amelikumbatia. Mtu akamrushia ganda la chungwa, likamgonga begani. Hakulitoa.

Nikamsogelea askari wa getini. Kabla sijafungua mdomo akanicheka.

"Aa, mheshimiwa waziri! Si wewe uliyempigia mkuu wa kituo ukamwambia unakuja kukagua choo? Tulipaka rangi, bwana! Leo umetuletea sauti ya nani?"

Ningemwambia nini? Kwamba mtekaji naijua sauti yake? Angesema itoe tuisikie. Ningeitoa. Na nikiitoa inatoka yenyewe, kama ilivyo. Mbele ya umati ule.

"Nimekuja kusalimia tu, afande."

"Haya, salamu zimefika. Potea."

Nikarudi nyumbani karibu nakimbia. Pikapu ilikuwa imeegeshwa mlangoni.

Mjomba alikuwa mezani anakula, shati limefunguliwa vifungo, feni inampepea. Mama yuko jikoni nyuma ya pazia.

"Mpwa wangu!" akaniita. "Mbona unahema kama umefumaniwa? Njoo ukae. Umeisikia?"

"Nini, mjomba?"

"Acha hizo. Ile sauti. Leo redio haina kingine." Akamega, akatafuna. "Kigugumizi kibaya sana yule mlinzi."

"Kigugumizi chake siyo kile."

Taya zake zikasimama. Kidogo tu, halafu zikaendelea.

"Wewe ni bingwa wa haya mambo. Hebu niambie, mtu anaweza kuiiga sauti ile?"

"Yeyote anaweza."

"Hapana. Usijishushe. Yeyote hawezi. Wewe unaweza." Akatabasamu, na lile tabasamu nalijua tangu utotoni, lilikuwa linakuja pamoja na peremende. "Na mji mzima unajua kwamba wewe unaweza. Chuo wanajua, kituoni wanajua. Kwa hiyo nakushauri kama mjomba wako: wiki hii tulia. Usiende kuongea ongea. Watu wana hasira, wanatafuta mdomo wa kuupiga. Ukishikwa nitakuja mimi mwenyewe nikutetee. Nitasema huyu ni mwanetu, hana ubaya, akili tu ndiyo imepungua."

Akanipiga piga shavuni, kidole chake kina mafuta ya mchuzi.

Pazia likafunguka. Mama akatoka na jagi na beseni amnawishe. Huyu ndiye mtu aliyembeba. Wazazi wao walipokufa Mjomba alikuwa bado hajui kutembea, na mgongo alioulalia ni wa Mama. Mpaka leo mtu mzima na mvi zake, akija kwetu Mama anamnawisha yeye mwenyewe.

Akammiminia. Mjomba akasugua, akamaliza, akakung'uta, na maji bado yanashuka, yamejaa beseni, yanamwagikia sakafuni.

"Dada! Unamwaga!"

"Ee, namwaga." Akaliinua jagi. "Mchana huu unatangaza nini?"

"Matembezi ya kumlilia yule binti. Kesho kutwa, wote wavae nyeupe. Kazi ya siku nzima."

"Usisahau mtaa wa kituo cha polisi. Kule kuna watu wengi leo."

Mjomba akafikiri kidogo, kisha akacheka. "Mbona unanipangia njia kama bosi? Nitapita, dada. Nikimaliza sokoni nitapita huko."

"Upite kweli."

"Nimekuambia nitapita!"

Akambusu kichwani, akaondoka. Tukasikiliza pikapu ikiwaka, ikikohoa, ikiishia. Mama akatandika gazeti juu ya maji yaliyomwagika. Halafu bila kunitazama:

"Nifanyie mjomba wako."

"Mama, siyo leo."

"Nifanyie. Ya ndani ya gari."

Nikaokota chanuo la dada, nikalishika kama maiki. "Wananchi, wananchi wa mtaa huu. Kesho, kesho hakuna maji." Kila sikukuu hapo ndipo kicheko kilipoanzia.

"Sasa sema yale ya redio."

"Mama."

"Kitambaa hicho hapo."

Nikalikunjua shati lililoungua, nikajibana nalo mdomoni. Lilinuka moshi. Mama akafumba macho.

"Mzee, mzee, nisikilize vizuri. Binti, binti yako…"

Akanipiga mkononi, chanuo likaruka hadi chini ya kochi. Tukabaki tumesimama tunahema wote wawili, kama tuliokuwa tunapigana.

"Alinichorea jua," akasema. "Kwenye dawa zangu. Lile boksi bado ninalo." Akatafuta pa kukaa, hakukaa. "Labda alimfunga macho. Tuseme alimfunga. Masikio je? Akiongea naye hata neno moja, hata kumpa maji anywe… Nani katika mji huu asiyeijua sauti ya Honi?"

Sikuwa nimelifikiria hilo. Natamani nisingelifikiria.

"Nikienda mimi watasema ni mimi," nikamwambia. "Mjomba ameshasema. Ulikuwa unasikia?"

"Nilikuwa nasikia. Ndiyo maana tunakwenda wote." Akavaa viatu vya kutokea, akavivua, akavaa vile vya kawaida. Akazima feni. Akarudi akahakikisha pasi imechomolewa, mlangoni akakumbuka tena, akarudi tena kuihakikisha.

Kule kituoni Inspekta alikuwa mtu mwembamba mwenye macho ya kukosa usingizi. Askari wa getini alitupitisha kwa sababu ya Mama. Mimi angenirudisha.

"Huyu mwanangu anaiga sauti," Mama akaanza. "Mwambie akuigie ile."

Nikaiga. Bila kitambaa, mkono tu mdomoni. Nilipofika kwenye mzigo Inspekta alikuwa ameshasimama, kiti kimeanguka nyuma yake.

"Kumbe ni wewe!"

"Keti, baba," Mama akamwambia, kama anavyowaambia wateja wakidai nguo mapema. "Amekuja kwa miguu yake. Huyu anaiga. Muulize anamwiga nani."

Inspekta hakukaa. Pingu alikuwa ameshazishika. "Haya. Unamwiga nani?"

Nikamtazama Mama. Yeye ndiye aliyenileta, sikutaka jina litoke kwangu. Badala ya jina, Mama akamweleza Inspekta habari za amplifaya, jinsi inavyochelewa kuamka, jinsi inavyomeza neno la kwanza, jinsi marehemu mumewe alivyogundua kurudia. Akazunguka, akarudi, akaeleza kitufe. Inspekta akawa anamtazama kama mtu aliyemwuliza njia mgeni mwenzake.

"Mama, mimi nimekuuliza jina. Kuna mtu ndani hapa anakaribia kuuawa na umati. Jina."

"Nasema, baba. Nasema."

Vidole vyake vilikuwa vinanyoosha mkunjo wa sketi, vinanyoosha, vinanyoosha, pale ambapo hapakuwa na mkunjo. Inspekta akanishika mkono, chuma kikanigusa kifundo, baridi.

Ndipo ikaja. Mbali, kutoka upande wa sokoni, kupitia dirishani, ile sauti tamu ya kukokota.

"Wananchi wa mtaa huu. Kesho kutwa ni matembezi ya kumlilia binti yetu. Tuvae nyeupe. Tukutane mbele ya duka la dawa."

Neno moja moja. Safi, kama watu walivyozoea kulisikia. Pikapu ikasogea, ikaanza upya yale yale, kwa nguvu zaidi. Lakini safari hii kabla ya kila sentensi, katika ule ukimya mdogo wa mashine inapoamka, Mama alikuwa anasema neno, taratibu, macho yamefumba.

"Wananchi," akasema Mama.

"Wananchi wa mtaa huu," ikasema spika.

"Kesho."

"Kesho kutwa ni matembezi ya kumlilia binti yetu."

"Tuvae."

"Tuvae nyeupe."

Inspekta aliniachia mkono. Akachukua simu yake mezani, akabonyeza rekodi ya mtekaji, akaiweka simu sikioni. Niliisikia ikinong'ona: mzee, mzee. Binti, binti. Akatazama dirishani, akamtazama Mama, mdomo wake Mama bado unakwenda mbele ya spika.

"Ni nani yule?" akauliza, chini chini.

"Mdogo wangu," Mama akasema. "Nimemlea mimi."

Inspekta akavaa kofia akatoka. Tulisikia viatu vyake kwenye korido, kisha viatu vingi. Nje umati ulikuwa umetulia, Honi amekuja, na Honi akija watu hunyamaza wasikilize. Mke wa mlinzi alikuwa ameinua uso. Pikapu ilikuwa imefika karibu sana, kioo cha dirisha kilitetemeka.

"Tukutane," akasema Mama.

"Tukutane mbele ya…"

Spika ikakwaruza, ikapiga kelele moja kali, ikanyamaza.

Mama alikuwa ameshaufungua mdomo kwa neno linalofuata. Ukabaki hivyo hivyo.